Filamu ya viumbe wa sayari nyingine wanaoonewa: vichwa na chombo cha angani vifanyweje kwa hali ya Mtwara?

Shangani_Juu
Wakuu, salaam. Kuna filamu fupi inaandaliwa hapa Mtwara, dakika 20 hivi. Viumbe wa sayari nyingine wameshuka Kusini, wamefungiwa kambini nje ya mji, wanabebeshwa magunia ya korosho bila ujira na kupekuliwa kila jioni. Bango limeshazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na watu wanaulizia tarehe, kwa hiyo haitakiwi kuchekesha pasipostahili. Kamera ni simu. Vichwa vya viumbe vitengenezwe kwa nini visichanike wala kumpika mwigizaji? Na chombo chao kikubwa, kinachoning'inia juu ya bahari, kitapatikanaje bila kompyuta ya maana? Kuna mwenzetu anashauri vichwa vipakwe mafuta ya maganda ya korosho ili ving'ae.

FundiSponji
Mkuu, hayo mafuta yaacheni kabisa. Yanababua ngozi; waulizeni wabanguaji wa mkono kwa nini hupaka majivu viganjani. Mng'ao unapatikana kwa glisirini ya duka la dawa, mnapaka dakika chache kabla ya kupiga picha.

Kichwa chenyewe kiwe sponji ya godoro ya inchi moja. Mvisheni mwigizaji mfuko laini kuanzia utosini hadi juu ya masikio, uso ubaki wazi apumue, zungusheni selotepu mpaka umbo likae, choreni mistari ya mishono kwa kalamu ya wino mzito, vueni, kateni kwenye mistari. Hapo mna patani. Katieni sponji kwa wembe mpya, kwa sababu mkasi huibana na ukingo ukatoka umepinda. Gundi ni ile ya mafundi viatu: pakeni pande zote mbili, subirini dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo mkutanishe. Wengi huunganisha ikiwa bado mbichi, kisha jasho likiingia mshono unaachia katikati ya kazi. Fanyeni hivyo nje penye hewa, mvuke wake unalevya.

Rangi ya mafuta itapasuka pembe za mdomo na shingoni, panapokunjika. Changanyeni rangi ya maji na gundi nyeupe ya mbao, mpake mikono mitatu myembamba, yaani tabaka tatu. Kwa unyevu wa pwani yetu kila mkono uachiwe siku nzima kivulini penye upepo, la sivyo kichwa kinabaki kunata na kuokota mchanga wote wa Msimbati.

Macho msiyatoboe pale yalipo macho ya kiumbe. Fuateni akili ya mapiko ya Wamakonde: kinyago kinavaliwa kama kofia, mchezaji anachungulia kupitia mdomo, kitambaa kinafunika shingo. Uzito unakaa utosini na kiumbe kinapata urefu wa ziada. Ila mapiko yenyewe msiyaazime, yana wenyewe na yana mambo yake ya jandoni. Acheni tundu la hewa kisogoni. Dakika 15 ndani, kisha vueni na anywe maji.

Pembe45
Chombo ni ungo. Sitanii. Ungo wa sentimita 60 ukiwa mita 1.5 kutoka kwenye simu unajaza sehemu ileile ya picha ambayo kitu cha mita 400 kingejaza kikiwa umbali wa kilomita moja. Lenzi ya simu ina faida hapa: ungo na watu walio mbali vyote huonekana vikali.

Watu hukosea rangi. Wanapaka nyeusi, na kitu cheusi tii hakiwezi kuonekana kiko mbali, maana ukungu wa bahari hufifisha kila kilicho mbali. Pakeni kijivu cha kuelekea samawati, hafifu kuliko mnavyodhani. Funga mshipi wa kuvulia sehemu tatu, sio moja, maana ukiyumba hata kidole kimoja udanganyifu umekwisha. Asubuhi mkitazama mashariki jua liko nyuma ya ungo, utakuwa kivuli kitupu. Afadhali saa 10 jioni, mtu ashike shuka upande unaotoka kusi. Simu iwe kwenye stendi, isisogee hata kidogo.

Mipangilio ya simu: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, hivyo taa za tyubu za ofisi ya kambi hazitapepesa.

Masikio_Mikindani
Vichwa vizuri, lakini huruma haitoki kwenye sponji. Viumbe wa filamu ya District 9 (2009), iliyopigwa Soweto, Afrika Kusini, walichorwa kwa kompyuta juu ya mwigizaji aliyevaa nguo ya kijivu, kwa bajeti ya dola milioni 30 hivi, kwa hiyo ngozi yao msishindane nayo. Cha kuchukua pale ni karani anayewahamisha viumbe kwa fomu zake. Mpigeni picha afisa wenu akiandika namba kwenye mkono wa kiumbe bila kuinua uso, sauti ya upole kabisa. Kumpiga virungu dakika nzima kutawachosha watazamaji mapema.

Sauti ya ndani ya sponji ni mbovu, msihangaike nayo. Rekodini upya chumbani penye magodoro. Lugha ya viumbe: sugueni vifuu viwili vya nazi karibu na kipaza sauti, punguzeni kasi kwa nusu. Maandishi ya tafsiri yasizidi mistari miwili, herufi 40 kila mstari. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu zenyewe na midomo ikaachana na sauti. Tumieni programu inayofunga fremu.

Kibali kiombwe Bodi ya Filamu kabla ya siku ya kwanza, anzieni kwa afisa utamaduni. Mkirusha droni, hiyo ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ombi jingine.

Shangani_Juu
Mafuta ya korosho yamefutwa. FundiSponji, vichwa vinane vinakula sponji kiasi gani?

FundiSponji
Tengenezeni vitatu tu vya karibu na kamera. Watano wa nyuma wabebe magunia kichwani, nyuso zisionekane.