Kerneli ya Linux kwa bando la simu: nikloni yote, `--depth 1` au `blob:none`?

saa_nane_usiku: Wakuu, habari zenu. Nasoma kodi (msimbo) ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, na ninachotafuta hasa ni sababu ya mistari fulani kuandikwa ilivyo. Historia yake kwenye Git, programu ya kutunza mabadiliko ya kodi, imepita komiti milioni 1 (komiti ni badiliko moja lililohifadhiwa na maelezo yake). Jana nilikloni (kunakili kutoka kwenye seva) yote kwa hotspoti, ikafika asilimia 70 mtandao ukakata. Nilipoanza tena, ikaanza sifuri. Bando la wiki limekwisha. Nichukue ipi?

fundi_seva: Pole mkuu. `--depth 1` ndiyo nyepesi kuliko zote: unapata komiti ya mwisho na faili zake, basi. Seva zangu za kujenga programu zote zinatumia hiyo, maana kazi ikiisha folda inafutwa.

mtafuta_mzizi: Kwa seva sawa, kwa huyu ndugu hapana. Yeye anauliza "kwa nini". Ukiwa na `--depth 1`, `git blame`, amri ya kuonyesha kila mstari umetoka komiti ipi, itakuambia kila mstari umetoka kwenye komiti ile ile moja, na huo ni uongo. `--filter=blob:none` inaleta komiti zote na orodha za folda zote; yanayobaki kwenye seva ni yaliyomo katika faili za zamani. `git log`, yaani orodha ya komiti, utaisoma mpaka mwanzo. Na kwenye kerneli utamu uko kwenye ujumbe wa komiti: mtu anabadili mistari miwili, anaeleza kwa aya tatu.

abiria_wa_treni: Kweli, ila faili hizo za zamani zinafuatwa pale unapozigusa. Nilisafiri Dar kwenda Dodoma na repo (hazina ya kodi) ya namna hiyo, nikapiga `git blame` njiani hakuna mtandao, ikagoma palepale. Git 2.49 ya 2025 imeleta `git backfill`, inavuta zilizobaki kwa mafungu. Iendeshe kabla ya safari, lakini hapo bando utalilipa tu.

bando_dogo: Mbona tatizo lake halijajibiwa? Linalomuumiza ni kukatika. `git clone` haiendelei ilipoishia, iwe nzima au ya `blob:none`. Mkuu, kernel.org, tovuti rasmi ya kerneli, wana faili ya bundle, yaani repo nzima kwenye faili moja, yenye historia kamili. Ishushe kwa `wget -c`. Ikikatika, rudia amri ile ile, itaendelea. Kisha kloni kutoka kwenye faili hiyo, elekeza `origin` (anwani ambako repo inachukua mapya) kwenye seva kwa `git remote set-url`, piga `git fetch` ilete mapya tu.

Ukishindwa, anza na `--depth 1` halafu `git fetch --deepen=50`, inayoongeza historia hatua 50 nyuma, kidogo kidogo. Usiweke namba kubwa: kerneli ina miunganiko mingi ya matawi ya kazi, hatua 50 zinaweza kuleta komiti nyingi kuliko 50.

fundi_seva: Hiyo ya `deepen` inaipa seva mahesabu mengi kila hatua. Bundle ni bora.

saa_nane_usiku: Nimeanza na bundle, wakuu. Imekatika mara mbili, mara zote imeendelea ilipoishia. Imebaki robo.