Gemu lako la kwanza ulicheza na nani pembeni? Tupeane uzoefu

Mwanambagala

Wakuu, habari za jioni.

Juzi mwanangu wa miaka 9 alikaa kwenye kochi zaidi ya saa nzima na simu mkononi, anacheza eFootball na mtu asiyemjua jina wala sura. Akafungwa goli la dakika za mwisho. Akaweka simu chini, akaenda kuoga. Hakuna aliyemzomea, hakuna aliyempa pole, na mimi niliyekuwa chumba kimoja naye sikujua kama kafungwa mpaka nilipomuuliza.

Nikakumbuka banda la gemu kule Mbagala, 2005. Mabati matupu, mabenchi mawili, TV mbili za kichogo, na PlayStation 2 zimefunikwa kitambaa cha kanga kuzuia vumbi. Mechi moja shilingi 100. Aliyefungwa ndiye anayelipa na ndiye anayepisha benchi, kwa hiyo mwenye mkono mzuri aliweza kuingia na mia yake saa nane mchana akatoka nayo magharibi.

CD zilikuwa za Winning Eleven, zile zenyewe za Kijapani. Menyu yote Kijapani, hakuna aliyejua kusoma hata herufi moja, lakini kila mtoto wa mtaa aliijua njia kwa kichwa: hapa duara, shuka mara mbili, duara tena, umefika kwenye timu. Kwenye gemu za Kijapani za enzi hizo duara ndiyo ilikuwa kukubali, X kurudi nyuma. Zilipokuja Pro Evolution Soccer za Ulaya, ambazo ni gemu lile lile la Konami kwa jina lingine, X ikageuka ndiyo kukubali. Wiki nzima banda zima tulikuwa tukijitoa wenyewe kwenye menyu.

Nje ya banda alikaa kijana fundi viatu. Hakuwahi kucheza hata mechi moja, hela yake ilikuwa ya kula. Akimaliza kiatu anaingia kutazama, vidole vina gundi, anasimama nyuma ya benchi. Siku moja nafungwa nne, akaninong'oneza: "Iachie R1 kwanza, unakimbia mpira unakuacha." Nikaiachia ile batani ya kukimbia. Mpira ukaanza kukaa mguuni. Nusu ya ninachokijua kwenye gemu la mpira nilikipata kwa watu waliokuwa wanasubiri zamu, na huyu hata zamu hakuwa nayo.

Sasa wadau tiririkeni. Gemu lako la kwanza lilikuwa lipi, na nani alikuwa pembeni yako? Jina la gemu peke yake halitoshi.

BintiMichenzani

Mie pembeni alikuwa kaka yangu, maana bandani sikuruhusiwa. Mtoto wa kike kuonekana kwenye banda la gemu hapa Unguja wakati ule, maneno yangefika kwa bibi kabla hujafika wewe mwenyewe nyumbani. Baba akatununulia ile mashine ya kaseti, nakala ya Nintendo, pedi mbili nyembamba za waya mfupi. Ilikuwa lazima mkae karibu na TV mpaka mama apige kelele za macho.

Gemu letu Contra, lile la wanajeshi wawili wa kupiga risasi. Kila mtu anaanza na roho 3. Kaka alijifunza shuleni ile njia ya siri: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, mnapata roho 30. Alikuwa anaitamka kwa sauti kama wimbo huku vidole vinakwenda. Lakini kilichonibakia mie ni kukopa. Roho zako zikiisha unabonyeza A, unachukua moja ya mwenzio, na yeye hawezi kukuzuia. Kaka alikuwa hodari, mie nilikuwa nakufa ovyo, na kila nikifa ananiambia, "Chukua." Siku tuliyogombana kweli kweli hakuninyima pedi. Alizimaliza roho zake zote makusudi, anajirusha shimoni moja baada ya nyingine, ili nisikute cha kukopa. Nililia siku ile kuliko siku aliyonipiga.

Umeme ulipokatika Unguja nzima kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, mashine ikakaa juu ya kabati miezi yote mitatu. Umeme uliporudi haikuwaka tena.

Kaka sasa yuko Pemba, ana watoto wanne. Nikimpigia nimekwama na ada za shule, kabla sijamaliza salamu huniambia, "Bonyeza A."

Majengo_Msa

Dada, hiyo ya kujirusha shimoni imenigusa.

Huku Mombasa mimi sikuanzia kwa pleistesheni, nilianzia saiba. Kompyuta nane, intaneti ya setilaiti, picha moja yashuka polepole kama pazia. Kuituma barua pepe na kiambatisho walipa dakika kumi za kutazama tu. Usiku wateja wakiisha, mwenye saiba alikuwa akitufungulia Counter-Strike, gemu la timu mbili za kupigana risasi. Haikuhitaji mtandao wa nje: mashine zote zimefungwa pamoja kwa waya za mle mle ndani, nne kwa nne. Adui yako wamsikia akivuta pumzi kiti cha tatu. Akinyamaza ghafla, wajua yuko nyuma ya mlango akikusubiri.

Kebo za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zikafika 2009. Mtandao ukaja na kasi, na kila mmoja akapata wa kucheza naye wa mbali. Baada ya mwaka mmoja au miwili ile nne kwa nne haikupatikana tena, hata tukipigiana simu. Sisemi kebo zilikosea kuja, kazi inayonilisha leo yapita mle mle. Lakini wale wanane wa usiku nawajua wote walipo mpaka sasa, na niliocheza nao mtandaoni kwa miaka kumi simjui hata mmoja.

FundiKirumba

Mimi naomba kuweka rekodi sawa kwa vijana wa sasa wanaosema ugomvi wa PES (hiyo Pro Evolution Soccer) na gemu la FIFA ni ushabiki tu. Ulikuwa ugomvi wa vidole. PES shuti ni kiboksi, krosi ni duara. FIFA ni kinyume chake. Mtu aliyekulia PES ukimpa FIFA, anafika golini peke yake, anapiga krosi. Kule Kirumba tuliwahi kutengana mabanda mawili kwa sababu hiyo, na marafiki wakatengana nayo. Hiyo FIFA yenyewe jina limeshakwisha, tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, na PES toka 2021 ni eFootball. Sisi kwetu majina ni yale yale.

Pembeni yangu alikuwa binamu yangu. Alifariki 2014. Sina zaidi ya hapo kwa leo.

Mwanambagala

Pole sana mkuu Kirumba. Mungu amlaze pema.

LavaGoma

Jambo wandugu. Miye ni wa Goma. Nyiragongo ililipuka Januari 2002, moto ukashuka mpaka katikati ya mji, nyumba nyingi zikaenda. Watu walijenga tena juu ya yale mawe meusi. Banda letu la gemu lilikuwa juu ya lava ile, mbao tupu, na chini ukikaa bila kiti mawe yanakuchoma makalio. Umeme ulikuwa wa jenereta. Menyu tuliweka Kifaransa, kwa hiyo sisi tulisoma, hatukupata taabu ya Kijapani kama nyinyi.

Pembeni alikuwa yaya yangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa. Yeye alishika pedi, miye nilishika kibuyu cha mafuta, kazi yangu kusikiliza jenereta. Ikianza kukohoa nakimbia kumimina kabla haijazima. Batoto ba kartie, watoto wa mtaa, waliniheshimu kwa hiyo kazi kuliko wale waliocheza vizuri, maana jenereta ikizima katikati ya mechi wote mmepoteza. Nilikuwa na miaka 8.

Ruwi_Muscat

Assalaam aleikum. Yangu si ya zamani, natumaini inaruhusiwa.

Niko Muscat, mama yuko Tanga. Mama hajawahi kushika gemu lolote maishani. Mdogo wangu akamwekea Ludo King kwenye simu, nasi watoto watatu tuko nchi tatu. Kila Ijumaa baada ya isha ya Tanga, huku kwetu saa imeshatangulia moja, tunaingia wanne. Mama anacheza kijani siku zote, akipewa rangi nyingine anatoka anaingia upya. Huku tunacheza, anatutumia sauti kwenye kundi letu la familia: nani hajala, nani anakohoa, kete ya nani imemkera. Simu ya kawaida huniuliza hujambo, nasema sijambo, imekwisha. Kwenye ludo tunakaa naye saa moja na nusu, na mengi anayasema pale anaposubiri zamu yake.

Kwa hiyo kaka Mwanambagala, usimhukumu mwanao haraka. Kaa naye, mwombe akuonyeshe.

Mwanambagala

Nimekuelewa dada yangu. Kesho naomba zamu.

MzeeWaPedi_Moro

Vijana, mimi niko upande wa pili wa benchi. Nilikuwa na banda Morogoro tangu 2004 mpaka 2013, kwa hiyo nawaelezeni mambo mliyokuwa hamuyaoni.

PlayStation 2 iliyotoka dukani haikuwa inasoma CD za kuchoma, mpaka fundi aiwekee chipu ndani. Ukishaichipu, lenzi ndiyo ugonjwa wake. Inachoka, gemu inakwama kwenye nembo ya mwanzo. Tulikuwa tunaisimamisha kwa ubavu, au unafungua mfuniko, unaifuta lenzi kwa pamba na spiriti kidogo, unaiombea. Pedi zilikufa kwa kiboksi, kwa sababu ya mashuti. Ndani kuna kiraba cheusi kinachogusa bodi, kikiisha unakata kingine kwenye rimoti mbovu ya TV. Nilikuwa nanunua rimoti mbovu kwa watoto, mia mbili mbili.

Mwaka 2006 ukame ulikausha bwawa la umeme la Mtera na mgao ukawa mkali. Nikanunua jenereta dogo. Mechi ikapanda kutoka 100 hadi 150, na watoto wakaanza kuja wawili wawili wanachangia, mmoja kipindi cha kwanza, mwenzake cha pili, wanapokezana pedi wakati wa mapumziko kama mbio za vijiti. Umeme ukikatika dakika ya 80 na kitu, sheria yangu ilikuwa mechi inarudiwa na hela hailipwi mara mbili. Kwa sheria hiyo nilipata hasara na nilipata wateja.

Kuna lililokuwa linaniuma. Sikuruhusu sare ya shule ndani, lakini mtoto huacha shati kwa jirani. Kuna mmoja alikuja na noti ya elfu kumi, anataka kucheza yote. Nikafunga banda, nikamshika mkono mpaka kwao. Mama yake alikuwa ameinama kwenye ndoo ya maandazi, bado hajajua kwamba hela ya ngano haipo. Nilipomkabidhi hakumpiga mtoto. Alinitazama mimi. Nilirudi nikafungua banda saa kumi, na tangu siku ile hakuna mtoto aliyecheza kwangu zaidi ya mechi tatu kwa siku. Wengine walihamia banda la jirani, nikawaacha waende.

Kilichonifungua moyo ni hilo la nani alikuwa pembeni. Watoto wa Masta Ligi, ile ya kuendesha timu yako msimu baada ya msimu, walikuwa na memori kadi zao wenyewe, zile za MB 8. Anatembea nayo mfukoni kama kitambulisho, anachomeka, anaendelea na msimu wake, anachomoa anaondoka. Wengine waliogopa kuvunja wakaniachia nitunze. Kila moja nikabandika plasta, nikaandika jina kwa kalamu ya wino mzito. Nilipofunga banda baadhi hawakurudi kuzichukua. Zipo mpaka leo, kwenye kopo la Blue Band.

Mwanambagala

Mzee wangu, umesema zipo? Zinasoma?

BintiMichenzani

Mzee tafadhali ziangalie. Usizitupe.

MzeeWaPedi_Moro

Shikamooni zenu nimezipokea, za wale mlionifuata pembeni. Jana usiku nimeitoa mashine moja, TV ya kichogo ya mke wangu bado inafanya kazi. Kadi ziko 11. Mbili hazisomi kabisa, moja imeliwa na mende kwenye plasta, jina halionekani.

Nyingi ni Masta Ligi. Moja wamefika msimu wa tisa na Merseyside Red, ile Liverpool isiyo na jina lake, na Castolo, yule mshambuliaji wa kubuni unayeanza naye, bado yuko mbele, hawakumuuza hata baada ya kupata hela. Hiyo plasta ina majina mawili, la chini limeandikwa kwa mkono ambao si wangu. Ni ndugu, walikuwa wakiuza maji kwenye stendi ya mabasi, wanacheza kwa kupokezana. Mkubwa namba yake ninayo. Nimempigia asubuhi, anakuja Jumamosi, amesema atamchukua na mdogo wake kule Kihonda, na ameniuliza kama ile pedi yenye waya uliofungwa nailoni bado ipo.

Ipo. Nailoni ndiyo imeoza, naibadilisha leo.