Tupeane uzoefu: waliowahi kuchanganya cha kuamsha na cha kulaza

Wakuu, naanza mimi. Mdogo wangu alikuwa anatumia unga, yaani heroini, akafundishwa kuuchanganya na kokeini, eti kimoja kinamdhibiti mwenzake. Usiku ule alikuwa mchangamfu, anapiga stori. Baadaye akalala, akaanza kukoroma, mkoromo mzito kama wa mtu mwenye maji kooni. Nikapunguza sauti ya redio nisimwamshe. Nilikuja kumgusa mkono, wa baridi, kucha zimekuwa za bluu. Waliomwahi walimchoma naloksoni, dawa ya kuondoa nguvu ya heroini, akarudi. Daktari akanieleza: nguvu ya kokeini huisha ndani ya saa moja hivi, heroini inaendelea kwa saa kadhaa. Cha kuamsha kikiondoka, cha kulaza kinabaki peke yake, kikififisha pumzi. Semeni yenu, hapa hatuhukumiani.

Msafiri: Pole sana mkuu. Yangu ni pombe kali na vinywaji vya kuongeza nguvu. Nilikunywa mpaka nikapitiliza kwa sababu sikujisikia kulewa. Nikashika usukani nikiapa niko timamu, nikaishia mtaroni. Kafeini haipunguzi pombe kwenye damu hata tone, inakuficha usingizi tu. Marekani, mwaka 2010, mamlaka ya chakula na dawa ilizionya kampuni 4 zilizokuwa zinatia kafeini ndani ya pombe yenyewe.

Bibi Zamu: Mimi ni muuguzi. Wengi wanaoletwa hutuambia, "lakini alikuwa anatembea vizuri tu!" Pombe na kokeini zikikutana, ini hutengeneza kokaethilini, inayokaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini na kuutesa moyo. Na hiyo naloksoni, jamani, hufanya kazi kwa heroini na jamii yake. Pombe au diazepamu, ile dawa ya kutuliza na kulaza, haizigusi. Nguvu yake huisha kwa dakika 30 hadi 90, mtu anaweza kuzima tena, kwa hiyo hospitali ni lazima hata akiamka. Mkimkuta anakoroma hivyo na haamki, iteni msaada haraka. Kama anapumua, mlazeni ubavu, msimmwagie maji, msimwache peke yake.

Kimya: Vidonge vya usingizi usiku, vya kuamsha mchana, miaka 2. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka masikioni. Kila kimoja aliniandikia daktari wake, na sikumwambia yeyote kuhusu vidonge vya mwenzake.

Msafiri: Mkuu, dogo yukoje sasa?

Yupo. Anakunywa methadoni, dawa ya kumwachisha heroini, huu ni mwezi wa 7 tangu aanze. Tunalala chumba kimoja. Akikoroma tu, naamka.