Kombi ya 1974 yenye paa la kuinua: rangi kwanza au injini?

mvuvi_wa_Tanga
Wakuu, habari za leo. Kuna VW Kombi ya 1974, injini 1600 ya kupozwa kwa hewa, ndani ina kitanda na kabati, juu paa la turubai la kuinua. Inalala karibu na bahari. Inawaka vizuri, ila ikipanda mlima mrefu inaishiwa nguvu, na kutu imeanza kuchungulia chini ya kioo cha mbele. Mzee mwenye gari ameshawarudisha wanunuzi watatu. Anachotaka ni ipakwe nyeupe na bluu, ing'ae. Fedha iliyopo inatosha kazi moja kubwa. Tuanzie wapi?

spana_13
Mkuu, rangi isubiri. Kabla ya yote badilisha mipira yote ya petroli, kuanzia kwenye tangi hadi kwenye kabureta. Kipenyo cha ndani ni 5 mm. Ule wa kusukwa nyuzi kwa nje unakudanganya: nyuzi zinaonekana nzima kumbe raba imeshapasuka chini yake. Shika pia kale kabomba ka shaba kanakoingiza petroli kwenye kabureta, ukatikise kwa vidole. Kakicheza, siku moja katachomoka injini ikiwa inanguruma, na petroli itamwagika juu ya distributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa plagi. Kombi nyingi zimeteketea kwa njia hiyo. Filta ya plastiki nayo usiiache inaning'inia mle ndani. Ihamishie upande wa pili wa ukuta wa chumba cha injini.

Halafu seti tapeti, yaani nafasi ya valvu. Injini iwe imelala usiku kucha, baridi kabisa. Zungusha puli kubwa ya chini mpaka alama yake ikae sawa na mshono wa bloku na rota (kile kidole kinachozunguka ndani ya distributa) ielekee kwenye mkato wa ukingo wa distributa: hapo uko silinda namba 1, mbele kulia. Fila (kibati cha kupimia nafasi) 0.15 mm, valvu zote mbili, nati ya 13. Kisha rudisha puli nyuma nusu mzunguko kwa kila silinda, utapata 2, 3, 4 kwa mfuatano huo. Gasketi za vifuniko weka mpya.

Andika vipimo kwenye daftari kabla hujagusa nati. Valvu ya moshi ya namba 3 ndiyo ya kuchungwa. Ikiwa kila ukipima nafasi imepungua, ujue shina la valvu linarefuka au kiti chake kinazama. Hapo usiendelee kulegeza na kuendesha. Kichwa cha valvu kikikatika kinatoboa pistoni, na gharama yake rangi haioni ndani.

bati_na_msasa
Kwenye petroli naungana naye. Ila hiyo kutu ya kioo msiichezee, chumvi haipumziki. Toa kioo chote, usijaribu kuziba kwa silikoni kwa juu, maana silikoni inafungia maji ndani na bati linaoza usilione. Kwangua hadi chuma cheupe, kata kilichooza, chomelea bati jipya, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo urudishe kioo na raba mpya. Kisha pita na sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye matao ya magurudumu, sehemu za kuwekea jeki na chini ya betri. Isiponata, hapo kuna puti, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bati.

Turubai la paa lisikunjwe likiwa bichi hata siku moja. Uzi wa mshono ndio unaotangulia kuoza.

spana_13
Kuhusu mlima: tazama raba inayozunguka injini na mabati yake yote. Mafundi wengi wakishusha injini huyaacha mabati uani, wakidhani ni mapambo. Bila hayo, feni inavuta tena hewa ya moto kutoka chini, injini inachemka na kuishiwa nguvu. Fenibelti ukiibonyeza kwa kidole gumba ishuke kama 15 mm. Kukaza, toa washa moja katikati ya puli ya juu uihamishie nje. Belti hiyo ndiyo inazungusha feni pia, kwa hiyo taa ya chaji ikiwaka njiani, simama hapo hapo. Usiseme "nifike tu pale mbele."

Oili ni lita 2.5 tu, ibadilishwe kila kilomita 5,000, na chujio la waya lioshwe. Zile nati sita ndogo zikazwe kwa upole, 7 Nm.

mvuvi_wa_Tanga
Nashukuru sana wakuu. Vipuri bado vipo? Na nitajuaje kama injini yenyewe imekwisha kabla ya kutia fedha?

bati_na_msasa
Vipo. Beetle ilitengenezwa Mexico hadi 2003, na pistoni, silinda na valvu za 1600 ni zilezile. Kombi za Brazil ziliendelea hadi 2013, lakini za miaka ya mwisho zina injini ya kupozwa kwa maji na paa la bati lililo juu zaidi, basi ukiagiza taja mwaka wa gari.

spana_13
Injini ikiwa imezimwa, shika puli kubwa ya chini kwa mikono miwili, uisukume ndani na kuivuta nje. Ukisikia "tok" inayoeleweka, pima mchezo huo kwa saa ya kupimia (dial gauge). Ikizidi 0.15 mm, injini ishushwe. Isipozidi, nunua mipira na fila, mwambie mzee bluu yake inakuja.