Kushua boti na kuvua kwenye visiwa vya magharibi ya Pemba, tangu Njao hadi Kisiwa Panza

Mgeni wa Chake:

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nimehamia Chake Chake kikazi na nimenunua boti ya faiba ya futi 20 yenye mashine ya nguvu za farasi 15, ambayo nakusudia kuitumia siku za mapumziko kwa kuvua mshipi na kurambaza, yaani kuburuta ndoana nyuma ya boti inayokwenda. Kitoweo cha nyumbani kwanza, na kikizidi kiende mnadani. Uvuvi niliujulia Fumba, upande wa Ghuba ya Menai, kwa hiyo maji ya visiwani si mageni kwangu. Hata hivyo, nikiitazama ramani ya Pemba naona magharibi yote imepangika visiwa, tangu Njao, Fundo na Uvinje huko juu, ukashuka Kokota na Funzi, kisha Misali, hadi Makoongwe na Kisiwa Panza, na sioni pa kuanzia. Ningependa kujua ni diko lipi, yaani pwani ya kushukia wavuvi, linafaa kushua (kuteremsha majini) boti ya kiasi hiki bila ya kukusanya kundi la watu wa kusukuma, na ni wapi samaki wanapatikana bila ya kulazimika kutoka hadi kilindini. Wesha ndiko karibu na ninapokaa, lakini mmoja ameniambia ni pazuri sana, na mwengine ameniambia nisithubutu.

Nahodha wa Gando:

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Yumkini hao wawili wote wamesema kweli, kila mmoja kwa saa aliyofika yeye. Maji yakijaa, Wesha ni diko zuri kabisa, na boti ya faiba utaielesha wewe na mwenzio mmoja tu. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, mbele yako hubaki tope na mizizi ya mikandaa, na hapo hata watu kumi hawatakufaa. Ghuba ile ya Chake imekuwa ikijaa tope kwa miaka mingi, na ndiyo sababu vyombo viliacha kupanda hadi mjini Chake, vikaishia Wesha.

Kwa hiyo usiulize diko kabla hujauliza mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndiyo bamvua, na maji ya huku hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50, hata wiki moja baadaye yakawa maji mafu, yanayojaa kiasi cha saa nne na ambayo hayapwi sana. Kwa mtu mwenye Jumamosi na Jumapili tu, maji mafu ndiyo yake, kwani atashua asubuhi kwa utulivu na akichelewa kurudi hatapwelewa. Siku za bamvua ni lazima uwe umekwishatoka kabla ya jua, na usitamani kurudi kabla ya alasiri.

Kuhusu samaki, mimi nitausemea upande wangu, yaani Njao, Fundo na Uvinje. Shua Wete bandarini au uje kwetu Gando. Ndani ya visiwa hivyo bahari ni shwari misimu yote miwili ya upepo, kusi na kaskazi, kwa sababu nchi kavu ya Pemba inaukinga upepo, na juu ya majani ya bahari utapata tasi na changu. Wenye madema, yaani mitego ya kusukwa, wanavua humo mwaka mzima, basi usitie nanga karibu na maboya yao. Majani hayohayo ndiyo adui wa mashine yako. Kila baada ya muda geuka uutazame ule mchirizi wa maji unaotemwa ubavuni mwa mashine; ukiona umekonda au umekatika, zima papo hapo, inua mashine, na utoe kwa kidole majani yaliyoziba tundu la kuvutia maji. Ukiendelea kwa dakika chache tu, mashine itaungua.

Kolekole na mzia huja milangoni, kwenye ule mlango wa kati ya Njao na Fundo, na ule wa kati ya Fundo na Uvinje, na wakati wao mzuri ni pale maji yanapogeuka. Usiuingie mlango wakati maji yanatoka kwa nguvu huku wimbi la nje linaingia, kwa sababu yanapokutana hayo mawili wimbi husimama wima, na mashine ya 15 haina nguvu za kukutoa. Subiri ndani hadi maji yasimame. Nje ya mlango mwamba unakatika ghafla na kilindi kinaanza, na huko ndiko wanakorambaza nguru na jodari, na nduaro wakati wa kaskazi. Mkondo wa huko unakwenda kaskazini mwaka mzima na hukaza wakati wa kusi, kwa hiyo ukiharibikiwa usitarajie kurudishwa Pemba. Safari yako itakuwa ya Kenya. Kaskazi nayo huvuma kinyume na mkondo huo, na ndiyo maana bahari huwa na mawimbi mafupi na makali hata siku ambayo upepo si mkubwa.

Mkaazi wa Mkoani:

Nahodha amesema vyema, ila amesahau kwamba mwenye boti ya mashine si lazima afuate maji kama mwenye ngalawa. Mkoani ndiko kwenye bandari yenye kina kikubwa kuliko zote Pemba, na ndiyo maana meli za abiria kutoka Unguja hufika huku. Chombo chako hakitakosa maji hata siku za bamvua. Makoongwe iko mbele yako, ukitoka kidogo unaivuka, na changu wanapatikana pembezoni mwa miamba yake. Gatini pasikaribiwe wakati meli inaingia au inatoka, kwani nafasi ni ndogo. Shua ufukweni, kando ya vyombo vya wavuvi.

Nahodha wa Gando:

Maji yapo Mkoani, sikatai. Lakini mwenzetu anakaa Chake, na akiifuata Mkoani kwa kuivuta boti barabarani kila Jumamosi, changu wake watamgharimu kuliko wa sokoni.

Mchokoa pweza wa Panza:

Kaka yangu, mimi sina boti, navua kwa miguu maji yakipwa, lakini nina neno kuhusu huku kusini. Ukija Kisiwa Panza utapitia Chokocho, ambako ndiko tunakovukia, na kushua hapo si tabu maji yakijaa. Tatizo ni kwamba watu wa boti hawaulizi. Huku kwetu kuna nyakati ambazo miamba hufungwa kwa makubaliano ya kijiji, mara nyingi kwa miezi mitatu, ili pweza wakue, na mtu akikutwa juu ya mwamba uliofungwa hatoeleweka kwa kusema kuwa yeye alikuwa akitafuta changu. Fika kwanza kwa sheha, yaani kiongozi wa eneo, au kwa kamati ya wavuvi, uulize ni wapi pamefungwa na hadi lini.

Jambo jengine ni mashamba ya mwani. Maji yakijaa huzioni kamba wala vigingi, nawe unadhani umepita juu ya bahari tupu, kumbe umekata kazi ya mwezi mzima ya mwanamke fulani, na kamba imejizonga kwenye panka la mashine yako. Popote utakapowaona wanawake majini wakati maji yamepwa, pakumbuke, na yakijaa pazungukie mbali.

Mgeni wa Chake:

Ahsanteni sana, na hasa dada wa Panza, kwani suala la mwani lisingenijia kabisa. Nimeamua kuanza na Wesha siku za maji mafu. Sasa naomba kuuliza kuhusu Misali: ukitoka Wesha na ukaiacha Ras Mkumbuu kuliani, kisiwa kiko mbele yako, nacho kinasifiwa kwa samaki. Je, mtu wa mshipi anaruhusiwa kuvua huko?

Aliyekaa dago Misali:

Unaruhusiwa, lakini si kila upande. Misali iliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa kuwa Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, inayochukua karibu magharibi yote ya Pemba, kwa maana kwamba hata huko Fundo na Makoongwe ulikoelekezwa umo ndani yake. Pale Misali penyewe, upande wa magharibi wa kisiwa ndiko kulikotengwa, na huko hakuvuliwi kwa chombo chochote, si mshipi wala dema. Sehemu nyengine wavuvi wanavua na wengine hupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, pale kisiwani siku kadhaa, kama ilivyokuwa tangu wazee wetu. Baadhi ya wageni hudhani kwamba wakiwaona watu wa dago basi kila kitu kimeruhusiwa, wakazunguka na kutupa ndoana mbele ya walinzi. Waulize walinzi wa hifadhi mpaka unaanzia wapi, na wao watakuonesha kwa kidole, jambo ambalo ni rahisi zaidi kuliko kulisoma kwenye ramani.

Kabla ya hayo, boti iandikishwe na wewe ukate leseni kwa afisa uvuvi wa wilaya yako, kwani Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya 2010 haitofautishi sana baina ya anayevua kila siku na anayevua Jumamosi. Ukikusudia kubeba abiria au watalii, hilo ni suala la Mamlaka ya Usafiri Baharini na lina masharti yake. Juya la kukokota na bunduki ya mshale viache kabisa, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Siku utakayokwenda, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usiku uliotangulia, chukua kafi mbili pamoja na jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, na mwambie mtu wa Wesha unakokwenda na saa unayotarajia kurudi. Mwambie anayelala palepale dikoni, wala usimwachie ujumbe wa simu aliyeko mjini Chake.