Hita ya dizeli inatoa moshi mweusi Molo

Swali: Ndugu zangu, hita ya dizeli niliyofunga katika karavani yangu ilifanya kazi vizuri Kisumu, lakini huku Molo, penye mwinuko wa karibu mita 2,500, inatoa moshi mweusi. Nifanyeje?

Jibu: Pole, ndugu. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo dizeli inaizidi oksijeni na masizi yanajaa. Punguza mapigo ya pampu ya dizeli, tena usiiache hita kwa moto mdogo usiku kucha, kwani huo ndio unaoiziba.

Jibu: Nakusihi ukague bomba la moshi, kwa sababu kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi huo, haina harufu. Kibano cha bomba langu kililegea, nikakuta mstari wa masizi sakafuni, karibu na godoro la mtoto. Funga king'ora cha gesi hiyo leo.

Jibu: Pia, unapozima hita, usikate umeme kabla feni haijaipoza.