Sanamu ya mfalme juu ya farasi iliyohamishwa Mexico: kwa nini haikuyeyushwa, na miguu ya farasi ina maana gani?

Mwalimu wa Gilgil:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi hufundisha Historia katika shule moja ya sekondari huku Gilgil. Muhula uliopita, basi la shule lilipokuwa likipita karibu na Ziwa Elmenteita, niliwaeleza wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu kwamba sanamu ya Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza wa enzi ya ukoloni, ambayo zamani ilisimama Nairobi kwenye barabara iliyoitwa kwa jina lake na ambayo leo ni Kenyatta Avenue, iling'olewa wakati wa uhuru ikaletwa huku Soysambu, kwenye shamba la familia yake. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akaniuliza, "Mwalimu, kama hawakumtaka, kwa nini hawakuiyeyusha?" Nilimjibu jibu la kumnyamazisha, na tangu siku hiyo jibu hilo limenikaa vibaya.

Katika kutafuta mfano wa kumpelekea, nimekutana na sanamu ya Mfalme Carlos wa Nne wa Hispania iliyoko katika Jiji la Mexico, mfalme juu ya farasi, ambayo imehamishwa zaidi ya mara mbili na bado ipo. Ningependa kujua mambo mawili kutoka kwa wenye kuifahamu. Kwanza, taifa lililopigana vita likamfukuza mfalme lilikuwa na sababu gani ya kuibeba sanamu yake kwa uangalifu namna hiyo? Pili, nimesoma mahali pengi kwamba idadi ya miguu ambayo farasi ameiinua huonyesha mpandaji alivyokufa, na sitaki kuwafundisha watoto jambo ambalo halina ukweli.

Msomi wa Milimani, Kisumu:

Mwalimu, Wamexico wenyewe waliulizana swali hilo la mwanafunzi wako, na hawakulijibu kwa siku moja.

Sanamu hiyo iliagizwa na Marquis wa Branciforte, makamu wa mfalme wa Hispania nchini humo, na sidhani kama ninamwonea nikisema kwamba nia yake ilikuwa kujipendekeza kwa bwana wake. Kazi alipewa Manuel Tolsá, mchongaji na msanifu majengo mzaliwa wa Valencia, aliyefundisha uchongaji katika chuo cha sanaa cha San Carlos. Kwa kuwa sanamu ya shaba isingekuwa tayari upesi, mwaka 1796 iliwekwa kwanza sanamu ya muda katika uwanja mkuu wa jiji, ya mbao iliyopakwa rangi ya dhahabu, na kwa miaka kadhaa wenyeji waliishi na mfalme wa mbao. Ile ya shaba ilisubiwa Agosti 1802, ikachukua zaidi ya mwaka mmoja kusafishwa na kunakshiwa, kisha ikazinduliwa tarehe 9 Desemba 1803, siku ya kuzaliwa kwa Malkia María Luisa. Alexander von Humboldt, mtaalamu wa Kijerumani aliyekuwa ziarani Mexico wakati huo, aliandika kwamba ukiondoa ile ya Marcus Aurelius, mfalme wa kale wa Warumi, iliyoko Roma, sanamu hiyo inazishinda kwa uzuri zote za aina yake zilizokuwa Ulaya.

Mfalme mwenyewe hakuustahili uzuri huo. Mwaka 1808, sanamu ikiwa haijamaliza hata miaka mitano, Carlos alikiachia kiti chake na taji likaishia mikononi mwa Napoleon. Uhuru wa Mexico ulipofika mwaka 1821 hakuna aliyejua la kufanya na lile jabali la shaba katikati ya uwanja, na kwa muda fulani lilifunikwa kwa tufe kubwa la rangi ya samawati, kama mtu afunikavyo fanicha ambayo mgeni hapaswi kuiona. Wapo waliotaka iyeyushwe, na inasimuliwa kwamba Rais Guadalupe Victoria alikuwa miongoni mwao. Aliyesimama kuitetea ni Lucas Alamán, mwanasiasa na mwanahistoria, ambaye hakumtetea mfalme hata kidogo. Alitetea kazi ya mikono ya Tolsá. Basi ikaondolewa uwanjani mwanzoni mwa miaka ya 1820 na kufichwa katika ua wa ndani wa chuo kikuu, mahali ambapo ni wachache tu wangeiona. Mwaka 1852 ilitolewa huko ikasimamishwa kwenye njia panda iliyokuwa pembezoni mwa jiji, na barabara kuu ya Paseo de la Reforma ilipochorwa katika miaka ya 1860 ikaanzia pale pale miguuni pake. Mwaka 1979, magari yakiwa yameifanya njia panda hiyo isipitike, ilihamishiwa kwenye uwanja mdogo unaoitwa kwa jina la Tolsá mwenyewe, ikitazamana na Jumba la Madini, ambalo pia ni yeye aliyelisanifu.

Mwonyeshe mwanafunzi wako mambo mawili. Kwenye kitako cha mawe kuna maandishi yanayoeleza kwamba Mexico inaihifadhi sanamu hiyo kama kazi ya sanaa, maana yake ni kwamba msomaji anaonywa asidhani mfalme anaheshimiwa hapo. La pili linanichekesha kila nikilikumbuka: wenyeji hawaiiti sanamu ya Carlos. Wanaiita El Caballito, yaani farasi mdogo. Mfalme yuko juu pale, amevaa joho la Kirumi na taji la majani, na jina lote amelichukua mnyama.

Fundi wa Kibuye:

Mwalimu, mimi si mtu wa vitabu, ila nimesubu aluminiamu kwa miaka mingi hapa Kisumu, sufuria, vifuniko na vipuri vya mashine za posho, kwa hiyo swali la miguu naliona ni la kwetu mafundi.

Habari ya kwamba miguu miwili juu ni kifo cha vitani na mguu mmoja juu ni kifo cha majeraha haina msingi. Farasi wa Carlos anatembea, ameinua mguu mmoja wa mbele, na mwenye kumpanda alifariki uhamishoni kule Naples mwaka 1819, akiwa mzee asiye na jeraha lolote la vita. Mchongaji huinua mguu kwa sababu farasi aliyesimama kwa miguu yote minne huonekana kama meza. Lakini kila mguu unaouinua unakupunguzia nguzo, na nguzo zenyewe ni nyembamba, na juu yake kuna tumbo la farasi, kisha mtu mzima. Hapo ndipo ufundi ulipo: miguu inayobaki chini hutiwa vyuma ndani, na unene wa shaba hupangwa ili sehemu za juu ziwe nyepesi. Aliyethubutu zaidi ni Pietro Tacca, Mtaliano aliyemtengeneza Felipe wa Nne kule Madrid na kumaliza mwaka 1640, farasi akiwa ameinuka kwa miguu ya nyuma peke yake, uzito ukikalia miguu hiyo pamoja na mkia. Husemwa kwamba Galileo ndiye aliyemshauri juu ya mizani ya uzito. Hiyo nayo ni sanamu iliyohamishwa, kwani ilikuwa katika bustani ya kasri la Buen Retiro hadi ilipopelekwa Plaza de Oriente katika miaka ya 1840.

Lililonifanya nikae kimya zaidi ni kwamba Tolsá aliwasubu mfalme na farasi kwa mmimino mmoja, sanamu yenye kimo cha karibu mita 5. Aluminiamu yetu huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, na bado hutusumbua. Mwaka jana kijana wangu alimimina kwenye kalibu ambayo mchanga wake alikuwa ameulowesha kupita kiasi. Maji yakageuka mvuke kwa ghafla, aluminiamu ikaruka hadi darini, na matone yake mpaka leo yamegandamana na bati juu ya tanuri, madogo kama punje za mtama. Shaba ya sanamu huhitaji karibu nyuzi 1,000, na lazima imwagike mfululizo, kwa kuwa ukisita katikati, iliyotangulia hupoa na iliyofuata haishikani nayo. Mtu aliyejua hayo, akitazama ile sanamu, hawezi kuleta nyundo.

Hata hivyo hasara ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 2013 ilisafishwa kwa asidi ya nitriki, ambayo ni sawa na kumwosha mtoto kwa maji ya betri, ikala utando wa juu na kuacha madoa na michirizi kwenye eneo kubwa la shaba. Mamlaka ya mambo ya kale ikaisimamisha kazi, na sanamu haikuzinduliwa tena hadi mwaka 2017.

Binti wa Kakamega:

Naomba nitofautiane nanyi kwa heshima. Mnasifu kitako, mnasifu mmimino, na hakuna aliyetaja kilichoko chini ya ukwato. Farasi huyo anakanyaga podo la mishale, na mishale hiyo ni ya wenyeji waliotawaliwa. Mchongaji hakuliweka podo hilo kwa bahati mbaya. Mtoto wa Kimexico anayepita hapo akienda shule anaona silaha za babu zake chini ya kwato, kisha anaambiwa kuwa ni sanaa.

Wapo walioamua vinginevyo, na sioni kwamba walikosa. Tarehe 9 Julai 1776, watu wa New York waliposomewa Azimio la Uhuru, walikwenda kuiangusha sanamu ya Mfalme George wa Tatu, naye alikuwa juu ya farasi, ya madini ya risasi yaliyopakwa dhahabu. Vipande vingi vilipelekwa Connecticut vikayeyushwa kuwa risasi za bunduki, na hesabu iliyoandikwa ni 42,088. Mfalme alirudishiwa mali yake kwa mtutu. Mwalimu, mwambie msichana wako kwamba swali lake lina jibu la aina hiyo pia.

Msomi wa Milimani, Kisumu:

Dada, kuhusu podo nakubali. Nilipaswa kulitaja mwenyewe. Nitaongeza tu kwamba New York ilikuwa vitani na ilihitaji risasi, na madini ya risasi huyeyuka hata kwenye moto wa jikoni, ilhali Mexico ilikuwa na maandishi ya kuongeza kwenye jiwe. Sisemi kwamba maandishi yanalifuta podo. Nasema yanamfanya anayepita alitazame akijua anachokitazama.

Tena si kila sanamu iliyookoka iliokolewa kwa hekima. Ile ya Marcus Aurelius aliyoisifu Humboldt ilibaki Roma kwa sababu ya kosa: nyingi za namna yake ziliyeyushwa, lakini hiyo watu waliidhania kuwa ni ya Konstantino, mfalme wa Wakristo, na nani angemyeyusha Konstantino? Mwaka 1538 Papa Paulo wa Tatu aliihamisha kutoka Laterano hadi kilima cha Capitolino, Michelangelo akaisanifia kitako, na tangu miaka ya 1980 ya asili imewekwa ndani ya jumba la makumbusho. Inayoonekana uwanjani leo ni nakala. Wachongaji wa wafalme wa Ulaya waliiga mavazi yake kwa karne nyingi, pamoja na Tolsá.

Mjukuu wa Dukawallah, Kisumu:

Nimesoma kimya hadi hapa, lakini habari ya jina kuchukuliwa na farasi imenigusa. Babu yangu alizaliwa Bombay, ambayo leo ni Mumbai, kabla ya familia kuhamia Kisumu kufanya biashara ya vitambaa, na alikuwa akitutajia mtaa wa Kala Ghoda, ambayo maana yake ni farasi mweusi. Nikiwa mdogo nilidhani ni jina la ngano tu. Baadaye nikajua kwamba kulikuwa na sanamu ya Edward wa Saba kutoka wakati alipokuwa bado mwana wa mfalme, kazi ya Joseph Edgar Boehm, iliyotolewa zawadi kwa jiji na tajiri Albert Sassoon na kuzinduliwa mwaka 1879. Mwaka 1965 iliondolewa ikapelekwa Byculla, kwenye bustani ya wanyama. Farasi akaondoka, mpandaji akaondoka, na mtaa ukabaki na jina la farasi. Kisha mwaka 2017 wakasimamisha farasi mwingine mweusi pale pale, na safari hii mgongoni mwake hakuna mtu.

Binti wa Kakamega, nadhani huyo wa 2017 angekupendeza.

Binti wa Kakamega:

Huyo namkubali.

Mwalimu wa Gilgil:

Nawashukuru nyote, na hasa Fundi, kwa kuwa hadithi ya miguu nilikuwa nimekwisha kuiandika kwenye daftari la maandalizi na sasa nimeipiga mstari. Naomba tu niweke wazi, kwa atakayesoma baadaye, kwamba Delamere hayuko juu ya farasi. Ameketi kitini, kazi ya Kathleen Scott, na ndiyo sababu niliiuliza Mexico badala ya kuishia Soysambu.

Juma lijalo nitawapa wanafunzi picha mbili bila majina, El Caballito na yule farasi mtupu wa Mumbai, na kuwaacha waandike ni nani aliyepanda na ni nani aliyemshusha. Podo nitalikuza ili lionekane hadi kiti cha nyuma. Na yule msichana nina deni naye lingine ambalo Mjukuu wa Dukawallah amenikumbusha: siku ile katika basi, nilipokuwa nikisema kwamba Delamere aliondolewa Nairobi, tulikuwa tunakipita kile kilima cha upande wa pili wa ziwa ambacho watu bado hukiita Pua ya Delamere, na mimi ndiye niliyewaonyesha kwa kidole.